Tuzo ya Mavazi

Ile ya kwanza niliilala.
Saa mbili unusu mtu na dirisha, dirisha na mtu;
nikaamka, bado yuwatazama nje
na shati lile lile, kola haina hata jasho.
Bwanakheri aniambia, "Shangazi, hiyo ndiyo sanaa."
Haya. Sanaa haitoki jasho.

Ya pili ya jini.
Jini gani huyo abishaye hodi?
Na kanzu yake, wallahi, alipogeuka
lebo ilichungulia shingoni.
Ukumbi mzima ulipiga yowe.
Mimi nilikuwa nasoma saizi.

Kuna ile ya jamaa aliyeruka ghorofa ya tisa
akatua amechuchumaa, bastola mkononi,
suruali isipasuke msamba.
Nitafutieni fundi aliyeishona.
Aje Bondeni, cherehani ya pili iko bure.

Ya mapenzi sitaisema sana.
Wamekimbia mvuani, wameingia chumbani wakavu,
huo ni uongo wa mchana.
Lakini nililia. Mtandio wangu
ulirowa kuliko wao.

Na yetu.
Nasema yetu kwa kuwa nina pini mle ndani,
moja sikuiona tena, labda bado yamchoma mtu.
Mavazi kumi na moja, siku tisa,
umeme ukikatika kila magharibi
nikishona kwa tochi ya simu niliyoing'ata menoni.
Walitaka leso ya mama aliyekufa zamani.
Nikanunua mpya, Barabara ya Biashara,
nikaifua mara thelathini,
nikaianika juani, nikaisugua kwa jiwe la miguu,
nikailalia wiki moja ipate kunuka mtu,
hadi jina lake likafifia, likabaki neno moja: *usinisahau*
bila ya aliyeambiwa.
Kwenye picha yaonekana sekunde nne.
Mtoto ajifuta uso nayo, basi.
Halafu majina yakapanda mbio kama siafu,
langu wameandika *Batul Mwana*.
Mimi ni Batuli Mbwana.

Jumamosi tulijaa kwa Shekue,
televisheni juu ya stuli mbili,
viazi karai, ukwaju, watoto chini ya meza.
Sherehe iko Nairobi, huko baridi,
na wanawake mabega wazi, maskini, vipele vyaonekana.
Mmoja gauni lake lilihitaji watu watatu kulibeba.
Pindo limekwenda upande; nilinyamaza,
kisha nikashindwa, nikasema.
Mwanamume mmoja alimshukuru Mungu, mkewe, benki yake,
kwa mpangilio huo, na benki akairudia.

Tukangoja.
Muziki bora. Sauti bora. Taa bora, hata taa.
Mshereheshaji akasema, "Tukirudi, mavazi,"
Shekue akaongeza sauti, mtoto akapigwa kofi la kunyamazishwa,
yakaja matangazo.

Mkopo wa simu. Mabati. Sabuni ya unga.
Mwanamke yuwafua leso mara moja tu
na yatoka mpya, achekelea.
Nikamwambia, muongo wewe.

Waliporudi ilikuwa imekwisha.
"Baadhi ya tuzo zimetolewa mlipokuwa mapumzikoni,"
na orodha ikapita chini ya skrini,
herufi ndogo kama chawa wa kuku.
Bwanakheri aapa ameona *Ba*.
Mwanasiti asema ilikuwa Bahati, wa vipodozi.
Shekue hakuona kitu, alikuwa amwaga ukwaju.
Bando zikaisha, kila simu kwa zamu yake.

Picha bora walimpa dirisha.

Nimefungua kibanda saa mbili.
Kuna zipu ya sare ya shule, kuna buibui la kupunguza,
na namba ya mwenye picha yaniambia hapatikani, jaribu tena baadaye.
Najaribu baada ya kila mshono mmoja.
Mwanasiti kaja na chai, ataka kujua nikishinda
kitu chenyewe nitakiweka wapi.
Hapa, namwonyesha, juu ya vitambaa, visipeperuke.

Lakini lile dirisha, narudia,
halikustahili.